Kuanzisha Kilatini na Masomo ya Klasiki katika Shule ya Serikali England: Mwongozo kwa Mwalimu Asiyewahi Kuyasoma

Maswali ni yaleyale kila mwaka mpya wa masomo unapoanza. Je, ni lazima nijue Kilatini kwanza? Mafunzo analipa nani? Nina digrii ya historia (au Kifaransa, au Kiingereza); shule itaniruhusu kufundisha? Majibu mafupi: si lazima, unaweza kuyapata bure, na mwenye kukuruhusu ni mwalimu mkuu wako, hakuna leseni ya pekee inayotakiwa. Majibu marefu ndiyo haya yanayofuata.

Mwongozo huu ni kwa walimu wazungumzaji wa Kiswahili wanaofundisha shule za serikali za England, za msingi na za sekondari. Scotland na Wales zina mitaala yake, kwa hiyo hesabu za mitihani zilizomo humu zisikuongoze huko. Tukisema "klasiki" tunamaanisha masomo manne: Kilatini, Kigiriki cha kale, ustaarabu wa Wayunani na Warumi, na historia ya kale. Mawili ya mwisho hayadai lugha hata moja ya kale. Kila kitu husomwa kwa tafsiri ya Kiingereza.

Mlango wa kwanza kwa shule nyingi ni Classics for All, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 2010. Hutoa mafunzo na ushauri bila malipo kwa shule za serikali, na walengwa wake wakuu ni walimu wasio wataalamu.

Jambo moja ulibebe toka mwanzo: mafunzo ni bure, lakini kipindi kwenye ratiba si bure. Somo hili huanzishwa kwa shangwe na kufa kimya kimya baada ya miaka miwili, na mara nyingi ugumu wa Kilatini haumo katika sababu. Kilichokosekana ni kipindi cha kudumu, au mwalimu pekee aliyelijua alihama. Hatua za hapa zimepangwa ili mambo hayo mawili yatatuliwe kabla hujafungua kitabu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ridhaa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari mitatu.
- Kipindi kinachojulikana siku na saa. Shule ya msingi: dakika 30 hadi 45 kwa wiki. Sekondari: saa moja kwa wiki ni kima cha chini, saa mbili ndizo zinazofaa.
- Walimu wawili, hata kama wa pili atakuwa wa akiba.
- Mtu wa kushika vipindi vyako siku za mafunzo. Mafunzo yenyewe hayana ada, lakini mwalimu wa muda analipwa na shule. Uliza mapema fungu hilo linatoka wapi.
- Saa moja na nusu hadi mbili za kujisomea kila wiki kwa muhula mzima kabla ya kuanza, kama unachagua Kilatini.
- Seti moja ya vitabu, angalau kimoja kwa wanafunzi wawili.

Huhitaji kuwa umesoma Kilatini shuleni. Huhitaji chumba maalumu wala vifaa vya gharama. Kadi ngumu, kalamu nene na ubao vinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza.

Hatua

1. Amua unaanzisha nini. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchagua wanachokipenda badala ya kinachoingia shuleni mwao. Njia zinazofanya kazi ni nne.

Shule ya msingi, Miaka ya 3 hadi 6 (umri wa miaka 7 hadi 11): Kilatini kama lugha ya shule. Mtaala wa taifa, ulioanza kutumika 2014, unasema wazi kwamba lugha inayofundishwa umri huo inaweza kuwa ya kisasa au ya kale. Kwa hiyo huombi kipindi kipya; unatumia kile ambacho tayari kipo. Ila mtaala huohuo unataka wanafunzi wapige hatua ya maana katika lugha *moja*. Mpango wa muhula mmoja Kifaransa, muhula mmoja Kilatini, mwingine Kihispania, unakwenda kinyume na hapo, na atakayeulizwa ni mratibu wa lugha.

Sekondari, Miaka ya 7 hadi 9: Kilatini kwenye ratiba, au ustaarabu wa kale kama sehemu ya historia. Hapa ndipo msingi wa mtihani unapojengwa.

Sekondari, Miaka ya 10 na 11: GCSE (mtihani wa mwisho wa Mwaka wa 11) ya ustaarabu wa kale au ya historia ya kale. Kwa mwalimu wa historia, dini au Kiingereza hii ndiyo njia fupi kuliko zote, maana stadi za kuchambua chanzo na kuandika insha unazo tayari.

Klabu ya mchana au baada ya masomo: rahisi kuanzisha, rahisi kufa. Itumie kama mlango wa kuonyesha kwamba wanafunzi wapo, na uipe mwaka mmoja tu kabla ya kudai kipindi halisi.

Ushauri wetu kwa sekondari isiyo na historia yoyote ya klasiki: anza na ustaarabu wa kale, Kilatini kifuate. Kuanza na GCSE ya Kilatini kutoka sifuri kunawezekana, lakini mwalimu na wanafunzi wakiwa wageni wote wawili, mwaka wa pili huwa mkali.

2. Pata kipindi kabla ya kuomba mafunzo. Ratiba za sekondari hutengenezwa miezi mingi kabla ya Septemba. Ukienda kwa mkuu wa shule mwezi Mei na wazo zuri, utaambiwa wazo ni zuri, basi. Kalenda inayofaa ni hii: Septemba na Oktoba unazungumza na uongozi, Novemba na Desemba unapata ridhaa na kutuma maombi, Januari na Februari somo linaingia kwenye orodha ya machaguo ya Mwaka wa 9, Machi hadi Julai unapata mafunzo, Septemba unaanza.

Mpelekee mkuu karatasi moja tu, isizidi ukurasa. Iwe na mambo haya: darasa gani, kipindi kipi, walimu gani wawili, gharama ya vitabu, gharama ya mwalimu wa muda, na kitakachopunguzwa ili kipindi kipatikane. Hilo la mwisho ndilo analolitafuta. Usilifiche.

Tahadhari moja kuhusu hoja. Usimwahidi kwamba Kilatini kitapandisha alama za Kiingereza za shule nzima. Ahidi kinachoonekana: mwanafunzi anayejua *aqua*, *porto* na *scribo* ana kamba ya kushikia maneno magumu ya sayansi na Kiingereza anapokutana nayo. Hilo unaweza kumwonyesha ndani ya wiki sita, kwa madaftari.

Kuhusu kutegemea fedha za nje, kuna mfano wa karibu. Serikali ilitangaza mwaka 2021 mpango wa Kilatini wa pauni milioni 4 kwa shule 40 za serikali. Ulianza Septemba 2022, kisha Desemba 2024 shule zikaarifiwa kwamba fedha zinaisha Februari 2025, katikati ya mwaka wa masomo, wanafunzi wa GCSE wakiwa bado na miezi kadhaa kufikia mtihani. Shule iliyokwisha kuandaa walimu wake yenyewe ilikuwa na pa kusimama. Kwa hiyo msaada wa nje utumie kumwandaa mwalimu. Mshahara wa kipindi ubaki ndani ya bajeti ya shule.

3. Tafuta mwenzako. Mtu wa idara nyingine ni bora kuliko wa idara yako, kwa sababu mkibanwa hambanwi pamoja. Walimu wa lugha, historia na dini ndio wa kuanza nao. Kama kuna idara ya Kifaransa au Kihispania, waone mapema na kwa heshima. Wakisikia habari kutoka kwa wengine watadhani unakuja kuwanyang'anya wanafunzi. Wakipewa nafasi ya kuingia kwenye mafunzo, mara nyingi wao ndio huwa wepesi kuliko wote.

4. Omba mafunzo. Kabla ya kujaza fomu, wapigie au waandikie Classics for All uwaeleze hali yako. Utapata ushauri wa njia ipi inakufaa. Maombi mazuri huwa mafupi na ya takwimu: wanafunzi wangapi, darasa gani, dakika ngapi kwa wiki, kuanzia mwezi gani, walimu gani, na shule itaendeleza vipi baada ya msaada kuisha. Maombi yanayojaa maneno ya "kuhamasisha" na "kupanua upeo" bila siku ya kipindi hurudi na maswali.

Eleza pia unataka mafunzo gani hasa, kwa maana kuna ya aina mbili na watu huzichanganya. Kuna kujifunza lugha yenyewe, na kuna kujifunza namna ya kuifundisha. Asiyejua Kilatini anahitaji yote mawili. Mwalimu wa historia anayechukua ustaarabu wa kale anahitaji zaidi msaada wa maudhui na jinsi ya kusahihisha mitihani.

Fedha za vitabu: Classical Association na Roman Society ni vyama vya siku nyingi vinavyotoa ruzuku ndogo kwa shule. Tuma maombi ya vitabu sambamba na ya mafunzo. Ukisubiri moja limalizike, muhula umekwisha.

5. Chagua kitabu kimoja na ukae nacho. Kwa shule ya msingi, Minimus ndicho kinachojulikana zaidi: hadithi za katuni za panya na familia ya kamanda wa Kirumi huko Vindolanda, kaskazini mwa England. Kwa sekondari kuna Cambridge Latin Course, inayoanzia nyumbani kwa mhusika wake Caecilius, mjini Pompeii, na kumaliza kitabu cha kwanza kwa mlipuko wa Vesuvio wa mwaka 79. Na kuna Suburani, inayoanzia mitaa ya watu wa kawaida mjini Roma. Vyote hufundisha kwa kusoma hadithi kwanza na sarufi baadaye.

Ukipewa Cambridge ya zamani iliyokuwa stoo, itazame vizuri kabla ya kuisambaza. Toleo la tano, la 2022, lilirekebisha jinsi watumwa na wanawake wanavyoonyeshwa. Matoleo ya zamani yana watumwa wenye furaha wanaotaniwa, na darasa lenye watoto wa asili ya Afrika litakuuliza maswali ambayo kitabu hakikujiandaa kuyajibu.

Usichanganye vitabu viwili ndani ya mwaka mmoja. Kila kimoja kina mpangilio wake wa sarufi na msamiati, na ukihama katikati mwanafunzi anakutana na miisho ya maneno ambayo hajafundishwa.

6. Jifunze ukiwa mbele ya darasa kwa sura mbili. Sura moja haitoshi, kwa sababu swali la mwanafunzi mwerevu huwa linahusu sura inayofuata. Ratiba inayowezekana: dakika 20 kwa siku, siku tano. Siku mbili soma hadithi kwa sauti na uitafsiri kwa kuandika. Siku moja maneno kumi. Siku moja jedwali moja la miisho. Siku moja fanya zoezi ambalo wanafunzi watalifanya, ukijipima kwa saa. Ikikuchukua wewe dakika 10, wao itawachukua 25.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji hapa. Irabu za Kilatini zinakaribia sana zetu, na jambo linalowatatiza watoto wa Kiingereza, yaani kitenzi kimoja kubeba mtenda ndani yake, wewe unalitumia tangu utoto: *amat* ni "anapenda", neno moja, ila Kilatini huweka alama ya mtenda mwishoni na sisi mwanzoni. Hata upatanisho wa sifa na nomino hautakushangaza. Usiwaeleze wanafunzi haya yote. Yatumie wewe kuelewa haraka.

Tahadhari kwa waliopitia seminari au kwaya: matamshi ya kanisa si ya darasani. Kwaya huimba *pacem* kama "pachem". Shuleni England husomwa "pakem". Herufi c daima ni k, g ni ya "gari", v husomwa w, ae husomwa "ai", na konsonanti mbili hutamkwa zote mbili: *puel-la*. Caecilius ni "Kaikilius". Na *veni, vidi, vici* inakuwa "weni, widi, wiki". Zoea kabla hujasimama mbele ya watu.

7. Somo la kwanza: kadi tano. Kwa Kilatini, somo hili ndilo linaloamua mwaka mzima, kwa hiyo lifanye polepole. Andaa kadi kubwa tano: CANIS, CANEM, COQUUS, COQUUM, MORDET. Usieleze sarufi yoyote. Andika ubaoni maana tatu tu: mbwa, mpishi, anauma.

Simamisha wanafunzi watatu mbele, wakishika CANIS, COQUUM, MORDET, kwa mpangilio huo. Waambie maana: mbwa anamuuma mpishi. Sasa waambie wenye kadi mbili za kwanza wabadilishane nafasi: COQUUM CANIS MORDET. Uliza nani ameumwa. Karibu darasa zima litasema mbwa. Waambie hapana, bado ni mpishi. Nyamaza. Waache wabishane kwa dakika moja.

Kisha toa kadi mbili, weka CANEM na COQUUS. Sasa mpishi anamuuma mbwa. Kicheko kitakuja, na baada yake atatokea mmoja aseme, "Ni zile herufi za mwisho." Huyo ndiye amefundisha somo, wewe andika ubaoni -S na -M kwa rangi mbili tofauti. Fanya mabadiliko sita au saba zaidi, haraka haraka, kila mara swali likiwa hilohilo: nani anauma, umejuaje?

Dakika kumi za mwisho, hadithi fupi ya kitabu kwa sauti. Sura ya kwanza ya Cambridge Latin Course hutumia zaidi *est*, "yuko" au "ni", na mwisho wa -M huja sura ya pili. Kwa hiyo kadi hizi zinawatangulia kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Tumechagua mpishi kwa makusudi. Mifano mingi ya zamani hutumia *servus*, mtumwa, tena huyo ndiye anayeumwa na kupigwa. Usimpe mtoto kadi ya mtumwa aigize. Utumwa wa Kirumi ufundishwe, na ufundishwe wazi, lakini kwa kusoma vyanzo na kujadili.

8. Panga muhula wa kwanza. Azimio la kazi la wiki 12 linatosha: wiki nane za hadithi na sarufi, wiki mbili za utamaduni, wiki moja ya kurudia, moja ya jaribio. Usizidishe. Darasa la saa moja likimaliza sura moja kwa wiki tatu, linakwenda vizuri.

Wiki za utamaduni ndipo unaposhika wale ambao sarufi haijawashika. Kwa shule ya msingi hakuna kitu kinachofanya kazi kama mwaliko wa Claudia Severa: kibao chembamba cha mbao cha mnamo mwaka 100, ambamo anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa Vindolanda, kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Sehemu kubwa iliandikwa na karani, lakini maneno ya kumalizia ni ya mkono wa Severa mwenyewe, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke. Kibao kipo British Museum. Wape watoto vipande vya kadi nyembamba na wino, waandike mwaliko wao. Kosa la kawaida hapa: kuwaambia kwamba Severa aliishi kwenye Ukuta wa Hadrian, ngome ndefu ya mpakani ya Warumi kaskazini mwa England. Ukuta ulianza kujengwa mwaka 122, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Kwa darasa lenye watoto wa Kiafrika, nyenzo zipo bila kulazimisha. Mfalme Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Maandishi ya karne ya 3 yanataja kikosi cha askari Wamauri, watu wa kaskazini mwa Afrika, katika ngome ya Burgh by Sands kwenye Ukuta huohuo. Na kwa upande wetu wa bahari kuna *Periplus*, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaotaja pwani ya Azania na soko la Rhapta, ambalo mahali pake panabishaniwa mpaka leo. Kipande chake kimoja cha tafsiri, ramani ya Bahari ya Hindi, na swali "Pembe za ndovu zilifikaje huko?" ni somo zima.

9. Pima kidogo, pima kila wiki. Maneno kumi, dakika tano, mwanzo wa kipindi, wanasahihishana. Weka alama kwenye jedwali moja. Mwishoni mwa muhula hilo jedwali, pamoja na madaftari matatu (la mzuri, la wastani, la anayehangaika), ndiyo ripoti yako kwa mkuu wa shule na kwa waliokupa mafunzo. Hakuna anayehitaji zaidi ya hapo.

10. Ukielekea mtihani, piga hesabu mapema. GCSE hupangiwa saa 120 hadi 140 za kufundisha. Saa mbili kwa wiki, kwa mwaka wa wiki 38, ni saa 76. Miaka miwili ni 152, lakini Mwaka wa 11 hukatika mwezi Mei mitihani inapoanza, na siku za likizo za dharura, safari na mitihani ya majaribio hula nyingine. Kwa ustaarabu wa kale inatosha. Kwa Kilatini ni finyu sana, ndiyo maana msingi wa Miaka ya 8 na 9 unahitajika.

Kilatini cha OCR, mojawapo ya bodi za mitihani: karatasi ya lugha ni asilimia 50, na nusu nyingine ni karatasi mbili za fasihi au fasihi na utamaduni, asilimia 25 kila moja. Orodha ya maneno ni kama 450. Maneno 6 kwa wiki yanakupa 228 kwa mwaka na 456 kwa miwili, lakini kwa sababu ya ile Mei, panga 8. Bodi nyingine ni Eduqas, ambayo mgawanyo wake ni tofauti. Pata muhtasari wa zote mbili kabla ya kuamua.

Ustaarabu wa kale wa OCR una karatasi mbili za saa moja na nusu, asilimia 50 kila moja. Ya kwanza unachagua kati ya visasili na dini, au wanawake katika ulimwengu wa kale. Ya pili unachagua kati ya ulimwengu wa Homer, maisha ya mji wa Kirumi, au vita. Historia ya kale nayo ina dola ya Uajemi na kuanzishwa kwa Roma kama sehemu za lazima, kisha machaguo kama Hannibal, Kleopatra au Britannia.

Mwone ofisa wa mitihani wa shule mwanzoni mwa Mwaka wa 10 umweleze somo jipya na bodi. Usajili wa mitihani ya kiangazi hufungwa Februari, na somo geni ndilo husahauliwa.

Mambo yakienda mrama

*Wanafunzi wanatafsiri kwa kubahatisha.* Wanaona "mbwa", "mpishi", "anauma" na kutunga hadithi inayoingia akilini. Chanzo ni wewe kukubali majibu sahihi bila kuuliza sababu. Kwa wiki mbili, usipokee tafsiri yoyote kabla mwanafunzi hajakuonyesha kwa kidole mwisho wa neno uliomwongoza.

*Darasa lilikuwa na uhai hadi Krismasi, sasa limepoa.* Tazama daftari: kama kurasa za Januari zimejaa majedwali ya miisho, umepata jibu. Rudisha hadithi, jedwali liwe dakika saba za mwisho.

*Kazi za nyumbani zote zinafanana na hazina kosa.* Ni tafsiri ya mashine. Usigombane nayo. Tafsiri ifanyike darasani kwa kalamu. Nyumbani wapeleke maneno ya kukariri na kusoma habari za utamaduni.

*Nimeulizwa swali nisilolijua.* Liandike pembeni mwa ubao, fungua kamusi au sarufi mbele yao, na kama haipatikani lijibu kipindi kijacho bila kukosa. Unachotakiwa kuepuka ni kutunga jibu. Mwisho mmoja ukifundishwa vibaya huchukua mwezi kufutika.

*Klabu ilianza na 20, wamebaki watano.* Linganisha siku yako na mazoezi ya mpira na foleni ya chakula kabla ya kulaumu Kilatini. Kuhamisha klabu siku moja mbele kumeokoa nyingi. Watano wanaokuja kila wiki wanatosha kuombea kipindi, mradi una rekodi ya mahudhurio.

*Mzazi anasema ni lugha iliyokufa, mwanawe afanye kitu cha maana.* Usitetee kwa hotuba. Mpe daftari la mtoto na orodha ya maneno ya Kiingereza aliyoyatambua kupitia Kilatini mwezi huo. Kama mtoto anatoka familia ya Kikatoliki, bibi yake huenda anajua *Pater noster* kuliko mwalimu; mwalike.

*Mwalimu mkuu amebadilika.* Nenda ndani ya wiki mbili za kwanza, ukiwa na ile karatasi ya ukurasa mmoja iliyohuishwa, jedwali la alama na barua ya ridhaa ya mtangulizi wake. Usingoje akuulize; akiuliza, tayari anatafuta vipindi vya kupunguza.

*Mwenzangu ameacha kazi.* Omba nafasi ya mafunzo ya mwalimu mwingine muhula huohuo, hata kama wewe bado upo na mambo yanakwenda. Wakati huo muweke mtu yeyote wa hiari akae nyuma ya darasa lako mara moja kwa wiki, na mwachie azimio la kazi, kadi na majaribio yote kwenye folda ya pamoja ya shule, si kwenye kompyuta yako ya nyumbani.